Mustang Nyekundu Chini ya Rangi ya Kijivu

Sehemu ya kumi na moja

Mkono wa Spès ulikuwa bado umezama ndani ya kiti cha nyuma, mpaka kwenye kiwiko, na vidole vyake vimeshika kitu ambacho hakikupaswa kuwemo humo.

Kitenge.

Tulimwacha hapo wiki nzima, na wengine wenu mmetuandikia kwa hasira. Haya, mna haki. Twende.

Spès hakuhitaji kukivuta akione. Alikijua kwa kukigusa, kwa sababu alikishona yeye mwenyewe. Mwaka jana mbwa wa Peguy Kalombo, yule tajiri wa malori, alitafuna kiti cha nyuma cha Mustang nyekundu ya bwana wake. Peguy akapeleka gari kwa fundi wake Honoré, na Honoré akampa kazi ya kiti mke wake, Spès Nimbona, Mrundi ambaye mkono wake unajulikana mtaa wote wa Albert Park, hapa Durban, kwa kushona viti vya magari. Siku ile alikuwa ameishiwa na kitambaa cha ndani. Akachana kipande cha kitenge chake cha kijani chenye ndege, akakishonea chini ya ngozi kwa uzi wa njano, mahali ambapo hakuna mteja angepaona.

Miezi minne iliyopita Mustang ile nyekundu ilitoweka kwenye gereji ya Honoré. Mlango haukuvunjwa. Funguo alikuwa nazo Honoré peke yake. Peguy aliripoti polisi, na tangu siku ile Honoré analala mahabusu.

Na gari hili alilokuwamo sasa lilikuwa la kijivu. Lina namba nyingine na karatasi nyingine. Lilisimama juani kwenye yadi ya Machano, muuza magari yaliyotumika, likiwa limebakiza chini ya saa mbili liwe la mtu mwingine.

"Sikiliza, kijana," sauti ya Machano ilitoka mbele, nyuma ya boneti iliyofunguliwa. "Mustang si gari la juzi. Lilitoka Marekani mwaka sitini na nne. Siku ya kwanza tu, watu elfu ishirini na mbili waliagiza. Unajua kwa nini?"

"Mzee, mi najua," alijibu Gaël, mnunuzi.

"Hujui. Gari la namna hii lilikuwa la matajiri. Watengenezaji wakalitia pua ndefu, mkia mfupi, milango miwili, likakaa kitajiri kabisa, lakini karani wa ofisi akaweza kulinunua. Hapo ndipo Marekani ilipopata wazimu."

Machano alikuwa mtu wa Chatsworth, kitongoji cha Durban, wa wale Wazanzibari waliohamishiwa huko enzi za baba yake. Kiswahili alikiokota kwa bibi yake, akakinoa kwa mabaharia wa Tanzania bandarini. Akianza kulisifu gari, hata aliyekuja kuuliza njia aliondoka anatafuta mkopo.

"Sisi huku tulilimezea mate miaka hamsini," aliendelea. "Yote yalikuwa na usukani kushoto. Waliojidai walikatakata dashibodi, wakahamisha usukani, wakaharibu gari. Mpaka elfu mbili na kumi na tano, ndipo kiwanda chenyewe kilipotoa ya kwanza yenye usukani kulia. Hii ni ya kumi na sita. V8, lita tano. Tena ni gari la Joburg, halijakaa karibu na chumvi ya bahari. Piga chini uone kama utapata kutu. Haya, liwashe!"

Gaël aliinama ndani, akabonyeza kitufe.

Gari halikuwaka, liliamka. Mngurumo ulitoka chini, ukapita kwenye sakafu, ukapanda kwenye kiti, ukaufikia mkono wa Spès uliokuwa umekamata kitenge. Aliuchomoa mkono kama mtu aliyeguswa na umeme.

"Yaya Spès!" Gaël alimwita, maana yake dada mkubwa, akichungulia, meno yote nje. "Viti vinasema nini?"

Gaël alikuwa na duka la simu Albert Park. Tangu siku alizokuwa akiuza vocha kwa mguu kwenye robot, yaani taa za barabarani, kioo cha simu yake kilikuwa na picha moja tu: Mustang. Miaka tisa picha haikubadilika, ingawa simu zilibadilika. Mpya hakuiweza. Hata iliyotumika hakuiweza, mpaka Machano alipopata hii, Code 3, maana yake gari lililopata ajali, bima ikalifuta, likajengwa upya. Bei ilikuwa three-ten, yaani randi laki tatu na elfu kumi. Gaël alimleta Spès akague viti kabla hajatoa hela, kwa sababu magari ya ajali huficha maji na damu chini ya ngozi.

Spès alishuka. Alimshika Gaël mkono, akamvuta mpaka nyuma ya bakkie moja nyeupe, pikapu ya mizigo.

"Hili gari ni la Peguy."

"Ya Peguy ilikuwa nyekundu."

"Rangi ni rangi, Gaël. Ndani ya kiti iko kitenge changu."

Gaël alimtazama, kisha akalitazama gari, kisha akamtazama tena. Alionekana kama mtu anayeombwa atoe figo.

"Yaya, minakuomba. Kitenge ile nusu ya Albert Park inavaa."

"Na nusu ya Albert Park inashona kwa mkono wa kushoto? Uzi wangu unalala upande wake. Nimeugusa. Ni wangu."

"Miaka tisa, yaya!"

"Mume wangu analala chini miezi minne kwa sababu ya hii gari!"

Gaël alipiga teke tairi la bakkie ambalo halikuwa na kosa lolote.

"Sasa unataka nini?"

"Liendeshe. Mwambie unataka kulisikia barabarani. Mengine niachie."

Machano hakupenda. Alisema kuna mtu wa Pinetown anakuja saa nane kamili na hela zake mkononi, na sasa ni saa sita na robo. Gaël akasema mtu hanunui Mustang kwa kuitazama. Maneno hayo ni ya Machano mwenyewe, huwaambia wateja kila siku. Alipanda mbele. Gaël akashika usukani. Spès akakaa nyuma, juu ya ushonaji wake mwenyewe, magoti yakigusa kidevu, maana Mustang haikutengenezwa kwa ajili ya watu wa nyuma.

Walitokea kwenye barabara ya Umgeni Road. Watu waligeuka. Kijana mmoja wa kuosha magari aliinua kitambaa chake hewani. Gaël, pamoja na yote, alitabasamu, na Spès aliona kwenye kioo jinsi macho yake yalivyolowa. Alikuwa anaendesha ndoto yake kwa mara ya kwanza, na huenda ya mwisho.

"Kata kushoto kwenye robot," Spès alisema.

"Kushoto kwa nini?" Machano aligeuka. "Barabara nzuri iko mbele."

"Kata kushoto, Gaël."

"Huko hakuna barabara ya kujaribia gari. Huko kuna..." Machano alijua huko kuna nini. Kila muuza magari Durban anajua ilipo ofisi ya polisi wanaokagua namba za magari.

Robot ilikuwa nyekundu. Machano akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe. Injini ikazima.

"Teremkeni," alisema. "Wote wawili. Sasa hivi."

Robot ikawa kijani. Taxi iliyokuwa nyuma ikapiga honi mara moja, mara mbili, kisha haikuacha tena. "Hamba, wena!" dereva alipaza sauti kwa Kizulu, akimtaka aondoke, kichwa chote dirishani. Gaël aliweka mikono yote miwili juu ya usukani kama mwizi aliyeambiwa asisogee.

"Machano," Spès alisema, "gari hili limeibiwa."

"Nani kakwambia? Nina karatasi! Nimelipitisha mwenyewe kwenye ukaguzi!"

"Karatasi ni za gari lingine. Mustang ya kijivu ilipata ajali, ikafutwa, mtu akainunua kwenye mnada kwa ajili ya namba zake tu. Namba akazibandika kwenye hii. Hii ilikuwa nyekundu."

"Wallahi, wewe mwanamke..."

"Iko tochi yako ile ya zambarau? Ile unayokagulia noti?"

Mkono wa Machano ulienda wenyewe kwenye mfuko wa shati.

"Basi hujui kama mimi ni muongo au la," Spès alisema, "na unaweza kujua kabla ya saa nane. Kama nimekosea, nitakushonea viti vya kila gari kwenye yadi yako mwaka mzima, bure."

Nyuma, honi sasa zilikuwa nne au tano. Machano alijifuta jasho shingoni. Halafu akabonyeza kitufe tena, na V8 ikanguruma kama vile haikuwa na habari.

"Twende kwenye paking ya chini," alisema kwa sauti ndogo. "Panatakiwa giza."

*

Honoré ndiye aliyemfundisha Spès habari ya vidoa. Jioni moja, akila, alimweleza kwamba gari linalouzwa jipya nchi hii hupuliziwa gundi yenye vidoa elfu kadhaa, kila kimoja kidogo kama punje ya mchanga, na kila kimoja kimeandikwa namba ya gari. Mwizi anaweza kubadilisha rangi, akasaga namba ya injini, akabandua kibati kwenye kioo. Vidoa hawezi kuvimaliza. Vinajificha kwenye viungo vya milango, chini ya buti, nyuma ya matairi. Ukivimulika kwa tochi ya zambarau, gundi inawaka.

Paking ilikuwa chini ya jengo la maduka, baridi na yenye harufu ya saruji. Machano alilala chali chini ya mlango wa buti, na shati lake jeupe. Tochi ikawaka.

Hakuna kitu.

Alisogea upande wa tairi la kulia. Hakuna kitu.

"Wamesafisha," Gaël alinong'ona, na Spès hakujua kama ni masikitiko au matumaini.

"Au hakuna cha kusafisha," alisema Machano. Sauti yake ilianza kurudi. "Dada, samahani, najua una uchungu, lakini..."

"Fungua mlango wa kushoto. Kwenye bawaba ya chini. Honoré alisema wavivu hawafiki kule."

Machano alisogeza tochi. Kwenye pembe ya bawaba, ndani kabisa, doa la bluu liliwaka, dogo kama ukucha wa mtoto.

Gaël alipiga magoti, akawasha kamera ya simu yake, ile yenye lenzi ya kukuzia anayotumia kutengenezea simu za watu. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Kwenye kioo cha simu vikatokea vidoa vyeusi, vimekaa ndani ya gundi kama mbegu za papai. Akakuza kimoja.

Spès alitoa karatasi mkobani. Ilikuwa nakala ya mashtaka ya Honoré, imekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imetoboka. Alisogea chini ya taa ya ukutani.

"Soma," alisema. "Mwanzo kabisa."

Gaël alisoma. Herufi, tarakimu, herufi. Spès alifuata kwa kidole. Zilikuwa kumi na saba. Ilipofika ya kumi sauti ya Gaël ilianza kushuka, na ilipofika ya kumi na tano alikuwa anasoma kama mtu anayesoma jina la marehemu.

"Sifuri," alimalizia. "Tisa."

Kidole cha Spès kilikuwa kwenye sifuri, kisha kikafika kwenye tisa, na karatasi ikaishia hapo.

Hakulia. Aliketi tu kwenye sakafu ya saruji, akaegemea tairi la gari lililomfunga mume wake, akacheka mara moja, kicheko kifupi kilichomshtua hata yeye. Miezi minne alikuwa hawezi kukaa mahali pamoja. Alikuwa anaamka saa kumi alfajiri, anashona kiti, anakifumua, anakishona tena. Sasa alikuwa amekaa.

Gaël alipapasa ubavu wa gari kwa kiganja, polepole, kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma. Kisha akautoa mkono.

"Sharp," alisema, akajipangusa macho kwa begi alilobebea hela za gari. "Iko sharp, haina shida. Nitapata ingine. Wametengeneza zaidi ya milioni kumi, si ndiyo, mzee?"

Machano alikuwa bado amelala chali, tochi imezimwa.

"Nani alikuletea?" Spès aliuliza.

"Wakinishika mimi, dada? Nina watoto wanne. Yadi ile nimeijenga kwa miaka kumi na nane."

"Ukilipeleka mwenyewe sasa hivi, wewe ni shahidi. Ukiliuza saa nane, wewe ni mwizi. Nani alikuletea?"

Machano aliinuka. Mgongo wa shati ulikuwa mweusi wote. Alitoa simu, akatafuta ujumbe wa sauti, akabonyeza. Sauti ikajaa paking, ya kiume, nzito, ya mtu aliyezoea kusikilizwa:

"Machano, ndugu yangu, uza haraka. Na huyo mteja wa Code 3 asikague mengi. Unanielewa, ndugu yangu?"

Spès aliifahamu kabla haijafika kwenye "ndugu yangu" ya pili. Sauti ile iliwahi kusimama mahakamani ikalia kwa kwikwi kuhusu Mustang yake nyekundu.

"Peguy," alisema.

"Peguy," Machano alikubali. "Karatasi zina jina la mtu wa mnada, lakini gari alilileta yeye, kwa mkono wake. Sikuuliza. Kazi yetu hii, ukiuliza sana hupati gari." Alitazama chini, kisha akavaa miwani yake. "Mimi nauza magari yaliyotumika, dada. Siuzi waume za watu. Endesha, kijana."

*

Sajini Nomusa Cele alikuwa mwanamke mpole mwenye glovu zilizojaa grisi. Alikagua kwa nusu saa. Alichimbua rangi karibu na kioo cha mbele, na chini ya kijivu kukatokea nyekundu. Alisikiliza sauti ya simu mara mbili huku Gaël akimtafsiria. Kisha akavua glovu.

"Ni lenyewe," alisema. "Mama, mwenye gari alijiibia mwenyewe, akalipwa na bima, na sasa anataka kuliuza mara ya pili. Nahitaji maelezo yako na sahihi. Na ya huyu mzee."

"Mume wangu atatoka lini?"

"Mpigie wakili wako. Mwambie asifanye chochote mpaka faili langu limfikie."

Spès alimpigia wakili Irene, Mkenya aliyekuwa akimtetea Honoré bila malipo. Alianza kuzungumza kabla Irene hajasema halo. Alimwambia kitenge, vidoa, sauti, rangi nyekundu chini ya kijivu.

"Irene? Umenisikia?"

"Nimekusikia, Spès. Uko umeketi?"

"Sema."

"Honoré amekiri. Leo asubuhi saa tatu, ameandika na kutia sahihi. Anasema aliiba gari peke yake. Nilimsihi nusu saa. Kesho anasimama mbele ya hakimu."

"Wamempiga?"

"Hapana. Ametulia kabisa. Sijawahi kumwona ametulia hivyo. Jana alitembelewa. Na mke wake."

"Jana mimi nilikuwa kazini."

"Najua. Kwa hiyo nikauliza jina. Alikuja na cheti cha ndoa kutoka Bukavu, Spès. Cha kweli. Anaitwa Henriette."

Simu ilibaki sikioni mwa Spès lakini hakusikia tena kitu.

Henriette alikuwa mke wa kwanza wa Honoré. Mashua ilizama Ziwa Kivu miaka kumi na miwili iliyopita, mwili wake haukupatikana, na Honoré alikuja Durban akiwa mjane asiye na kaburi la kutembelea. Kila mwezi wa kumi na moja alifunga siku moja, akawasha mshumaa. Spès mwenyewe ndiye aliyekuwa akinunua mshumaa.

"Mama?" Sajini alimsogezea karatasi na kalamu. "Tuendelee, au?"

Spès aliitazama nafasi ya sahihi. Angeweza kuinuka akaondoka. Mwanamume aliyekiri amekiri. Lakini ukweli wa gari ulikuwa ukweli wa gari. Akaandika jina lake lote, Spès Nimbona, kwa mkono wa kushoto, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ya pili ikapata alama.

"Gaël," alisema, "niitie gari la kwenda kwa Honoré."

*

Walifika saa nane na dakika ishirini. Kwenye kivuli cha ukuta, kando ya lango la mahabusu, Peguy Kalombo alikuwa ameketi ndani ya gari lake, kioo kimeteremshwa, anasoma simu. Aliinua macho, akamwona Spès, akampungia vidole viwili kama watu waliokutana kanisani. Gaël alitaka kumfuata. Spès alimshika mkanda.

"Muache. Hajui kama Mustang iko polisi. Aendelee kutojua."

Ndani, mwanamke mmoja alikuwa akitoka, amejifunika kichwa kwa kitambaa cheupe, macho yamevimba. Walipishana mlangoni bega kwa bega. Spès hakumtazama usoni. Hakuwa tayari.

Honoré alikuwa upande wa pili wa kioo. Alikuwa amekonda, amenyoa ndevu. Spès alikaa, akashika simu ya ukutani.

"Gari limepatikana," alisema. "Ni Peguy. Iko sauti yake, viko vidoa, kila kitu. Nimetia sahihi. Wewe utatoka, Honoré. Kataa yale maandishi ya asubuhi."

Alisubiri uso ule ung'ae. Miezi minne alikuwa ameungoja uso ule ung'ae. Haukung'aa.

"Ungeniuliza kwanza," Honoré alisema.

"Nikuulize nini?"

"Spès, mke wangu. Mlango haukuvunjwa kwa sababu niliufungua mimi. Funguo nilimpa Peguy kwa mkono wangu. Alinionyesha picha. Henriette, mzima, amesimama kwenye soko la Bukavu na gazeti la wiki ile mkononi. Akasema: nipe gari usiku mmoja, kaa kimya, beba kesi, na mimi nitamleta Durban. Nikabeba. Jana akamleta. Ahadi ni ahadi."

"Na mimi?"

Honoré aliweka kiganja kwenye kioo. Spès hakuweka chake.

"Na mimi, Honoré? Miezi minne ulikuwa unanitazama hapa, nalia mbele yako, na ulikuwa unajua?"

"Nilimwacha majini," alisema. "Nilishika ubao, nikamwacha. Hujui hilo jambo, Spès. Ningebeba kesi kumi."

Spès aliirudisha simu ukutani, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Alimtazama mara moja tena, mtu aliyempikia, aliyemlilia, aliyemtafutia gari mji mzima. Halafu akainuka, akatoka bila kugeuka. Nyuma yake kioo kilipigwa kwa ngumi, mara mbili, kisha mlinzi akapiga kelele.

Kwenye korido, mwanamke wa kitambaa cheupe alikuwa hajaondoka. Alikuwa amejibanza nyuma ya mashine ya vinywaji, mahali ambapo mtu aliye nje kwenye gari hawezi kumwona.

"Ni wewe Spès," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu, lakini neno lililofuata lilikuwa la hapa. "Eish, dada. Usipite bado. Tafadhali."

"Niache nipite, Henriette. Umepata ulichotaka."

"Sikutaka kitu! Honoré amekwambia Peguy amenitoa Congo?"

"Amenionyesha ujinga wangu wote."

"Basi na yeye amedanganywa." Henriette alichungulia mlango wa nje, akarudi, akamshika Spès mkono. "Ile picha ya soko, nilipelekwa kwa ndege nikapigwa picha, nikarudishwa siku ya tatu. Mimi niko Durban hii tangu miaka sita. Niko Umhlanga, kule kwa matajiri, nyumba yenye geti jeusi."

Nje, honi ililia mara moja, fupi, ya mtu asiyependa kusubiri. Henriette aliruka kama aliyechapwa.

"Nyumba ya nani?" Spès aliuliza.

"Ya kwake. Mimi ni mke wa Peguy."